Kunona na kukonda: nani anaamua mwilini?

Wiki hii tulikuwa tumepanga kuendelea na habari ya maji ya kunywa. Lakini mazungumzo ya mkutano wa Alhamisi yalitupeleka pengine, na tumeona afadhali tuyamalize hapa kwa maandishi, maana si wote waliokuwapo, na waliokuwapo walikuwa wakisema wote kwa pamoja.

Yule dada ambaye hakuonekana kwa wiki mbili, wengi wenu mnamjua. Jina lake hatuliandiki, ila ni yeye mwenyewe ametuomba tuandike yaliyompata. Tangu utoto alikuwa mwembamba, kama mama yake na kama nyanya yake. Posa ilipofika, shangazi za bwana wakaanza maneno: huyu atazaa kweli? Akiingia kwetu hivi, si watu watasema tunamnyima chakula? Akaenda sokoni. Akapewa kinini za aina mbili ndani ya kifuko cha plastiki, bila karatasi, bila jina, akaambiwa ameze asubuhi na jioni. Baada ya miezi mitatu uso ulikuwa mviringo, tumbo limetangulia, na libaya la arusi lilipanuliwa mara mbili. Na hili nalo tuliandike, maana ni letu: tulimsifu. Tulimpigia vigelegele, tukamwambia sasa ndiyo amekuwa mama.

Baada ya arusi pesa ya kinini ikaisha, akaacha siku moja tu, kama mtu anavyoacha kununua sukari. Siku chache baadaye akaanza kutapika. Akisimama anaona giza, anaanguka. Nyumbani walisema ni mimba. Jirani akasema ni sumu, mwingine akamtaja mama mkwe. Hospitalini munganga alimwuliza neno moja: ulikuwa unameza nini?

Ili tuelewe kilichompata, lazima tuanze na mafuta yenyewe. Si yale ya mawese ndani ya chupa. Ni haya tuliyo nayo chini ya ngozi, kiunoni, mapajani, tumboni. Wengi wetu tulifundishwa kuyahesabu kama akiba tu, kama gunia la mihogo mikavu linalokaa kwenye kona likingoja siku ya njaa. Na kweli ni akiba. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba kalori karibu 7,700, na mama mwenye kazi za kawaida anatumia kama 2,000 kwa siku. Tofauti ni kwamba gunia haliwezi kukuambia kwamba limebaki nusu. Mafuta ya mwili yanaweza.

Katika muso zetu, kila wiki mtunza sanduku anasimama na kusoma hesabu. Akisema sanduku limejaa, tunakopeshana bila woga, tunachanga kwa arusi na kwa kilio. Akisema limebaki kidogo, kila mtu anabana kikwembe chake. Chembe za mafuta zinafanya vile vile. Zinatoa ndani ya damu kitu kinachoitwa leptini. Leptini ni homoni, yaani ujumbe ambao kiungo kimoja kinautuma kwa kingine kwa njia ya damu. Mafuta yakiwa mengi, leptini inakuwa nyingi. Yakipungua, nayo inapungua. Ujumbe huo unafika kwenye sehemu ndogo chini ya ubongo, wataalamu wanaiita hipotalamu. Hiyo ndiyo inayosikiliza hesabu na kuamua: leo njaa iwe kali au ya kawaida, mwili utumie joto kiasi gani, na je, kuna akiba ya kutosha kubeba mimba?

Watu hawakulijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1949, huko Bar Harbor, Marekani, katika maabara ya Jackson wanakofuga panya wa uchunguzi, walizaliwa panya waliokula bila kushiba, wakafika uzito mara tatu kuliko ndugu zao. Baadaye mtaalamu mmoja wa pale, Douglas Coleman, akamshona panya mnono pamoja na panya wa kawaida, ubavu kwa ubavu, hata damu ya mmoja ikawa inapita kwa mwingine. Yule mnono akapunguza kula. Kumbe katika damu ya mwenzake mlikuwa na kitu cha kushibisha ambacho yeye hakuwa nacho. Kitu hicho kilitafutwa miaka mingi. Ni mwaka 1994 tu Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipokipata, na jina lake wakalitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mwembamba.

Alhamisi mama mmoja alisema: hayo ni ya panya, sisi si panya. Sawa. Mwaka 1997 waganga wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari ya watoto wawili wa ukoo mmoja. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86. Mvulana wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini tangu miezi ya kwanza walikuwa wakilia njaa, wakila, na kulia tena. Tuwafikirie mama zao, namna kila mgeni alivyowatazama. Damu ya watoto hao haikuwa na leptini ya kufanya kazi. Msichana alipoanza kudungwa leptini kila siku, njaa ile ilishuka, na katika mwaka mmoja alipungua kilo kama 16. Hakuna aliyemfundisha adabu ya mezani. Ujumbe ulifika, basi.

Ugonjwa wa namna hiyo ni wa nadra sana, kwa hiyo tafadhali mtu asiende farmasi kuuliza leptini. Wengi walionona wanayo nyingi tu. Shida yao ni kwamba ubongo umeizoea, hauisikii tena vizuri, kama mtunza sanduku anayesoma hesabu wakati muziki wa jirani umefunguliwa mpaka mwisho. Ukimwongezea sauti kidogo, bado hasikiki. Ndiyo maana wataalamu walipojaribu kuwapa watu wanono leptini zaidi, walio wengi hawakupungua sana.

Sasa twende upande ambao sisi wa Kivu tunaujua kwa miili yetu. Mama mmoja alikumbusha kwamba alipokimbia na watoto, wakala mizizi na majani, mwezi wake ulikatika miezi saba. Hakuwa na mimba. Wenzake wawili walikuwa vile vile, na kukatokea maneno kwamba kuna mtu amewafunga uzazi. Hadi Alhamisi ile alikuwa akiyaamini, miaka yote hiyo. Ukumbi ulinyamaza kidogo, maana haikuwa yeye peke yake.

Hakuna aliyewafunga. Chakula kikikatika, leptini inashuka haraka, hata kabla mafuta hayajaisha. Ubongo unaposikia kwamba sanduku linakauka, unasimamisha kwanza matumizi yanayoweza kungoja. Unapunguza amri inayokomaza mayai ya uzazi, na damu ya mwezi inakatika. Unapunguza homoni ya tezi la shingoni, na mtu anasikia baridi, anakuwa mzito, hana mbio. Mwili haukubali kuanzisha mimba ambayo hautaweza kuilisha. Chakula kikirudi na uzito ukirudi, mara nyingi mwezi nao unarudi. Lakini angalieni: yai linaweza kukomaa kabla damu haijaonekana, kwa hiyo mtu anaweza kushika mimba bila kuona mwezi hata mmoja. Na mwezi ukikatika wakati chakula kipo, usijitibu kwa habari hii. Nenda upimwe.

Kuna uchunguzi mmoja wa zamani unaoonyesha jambo hilo kwa wanaume, na tunaupenda kwa sababu hiyo. Mwaka 1944 na 1945, vita ya pili ya dunia ikielekea kwisha, vijana 36 waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri walikubali kupunguziwa chakula kwa miezi sita katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Waganga walitaka kujua namna ya kuwahudumia watu waliotoka katika njaa. Vijana wale walipoteza kama robo ya uzito wao. Walisikia baridi hata wakati wa joto, moyo ulipiga polepole, hamu ya mwanamke iliisha, wakawa wanaota chakula na kukusanya vitabu vya mapishi. Walikuwa watu wenye nidhamu, wanasimamiwa kila siku. Na walipofunguliwa walikula majuma mengi bila kusikia shibe, na mafuta yao yakarudi mbele ya misuli.

Hayo yatusaidie kumwelewa mama yetu mwingine, yule aliyeambiwa na muuguzi apunguze uzito kwa sababu damu yake inapanda. Aliacha bugali wiki tatu, akala majani tu. Alipungua kilo 4, wiki ya nne akashindwa, na kufikia Noeli zilirudi kilo 6. Akajiita mlafi mbele yetu wote, na wengine wakacheka. Si mlafi. Mafuta yalipoanza kupungua, leptini ilishuka, na ubongo ukaelewa kwamba njaa imeingia nyumbani. Ubongo haujui tofauti ya munganga na vita. Tumbo nalo likaongeza ujumbe wake: kuna homoni nyingine, grelini, iliyotambuliwa huko Japani mwaka 1999, inatoka tumboni na kupanda kabla ya chakula, ndiyo inayotufanya tusikie harufu ya sambaza kutoka nyumba ya tatu. Uchunguzi uliotolewa Australia mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu waliojikondesha kwa haraka bado walikuwa na homoni za njaa juu na za shibe chini hata baada ya mwaka mzima.

Je, basi mtu akae na uzito wake na damu yake ipande? Hapana. Uzito mwingi wa tumboni unaleta ugonjwa wa moyo na wa sukari, na kupungua hata kilo chache kunashusha damu. Tunachosema ni kwamba asishindane na mwili wake kwa wiki tatu. Achague jambo ambalo ataweza kulifanya mwaka huu na mwaka ujao. Kwa huyu mama tulipatana naye hivi: sukari ya chai kutoka vijiko vinne mpaka kimoja, soda siku ya sikukuu tu, mafuta ya sombe yapimwe kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye bidoni, maharagi yabaki kwa wingi kwa sababu yanashibisha, bugali ipunguzwe kwa ngumi moja. Na atembee. Mtu akituambia kwamba anatembea kila siku kwenda sokoni, tunamwuliza kama anarudi kwa moto. Hapo wengi walicheka wenyewe. Usingizi pia: usiku mfupi unaongeza njaa ya kesho yake, jambo ambalo kila mwenye mtoto mchanga angeweza kuwaambia wataalamu bila kulipwa.

Kwetu wanawake kuna homoni moja zaidi ya kuitaja, estrojeni. Ndiyo inayoyapeleka mafuta kwenye nyonga na mapaja tangu msichana anapobalehe, na kwa hiyo mwanamke mzima ana mafuta mengi kuliko mwanaume wa uzito uleule. Hiyo si kasoro, ni mpango. Mama anayenyonyesha peke yake anahitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku, na sehemu yake inatoka hapo. Wamama wembamba nao wana maziwa, tafadhali tusiwatie hofu. Mwili unamtumikia mtoto kwanza, halafu mama ndiye anayebaki na deni, na deni hilo linalipwa kwa sahani, si kwa maneno. Tena mwanamke akikoma mwezi, estrojeni ya mayai inapungua na mafuta yanahamia tumboni. Ndiyo sababu kikwembe kile kile kinafunga vibaya ukiwa na miaka 52, ingawa unakula kama zamani. Wakati huo mafuta yenyewe yanakuwa kiwanda kidogo cha estrojeni iliyobaki.

Wadada wengi waliuliza pia juu ya sindano ya miezi mitatu. Ndiyo, baadhi ya wanawake wanaongezeka uzito kwa sindano hiyo, wengine hapana. Ukiona inakuongeza, mwambie muuguzi akupe njia nyingine. Usiache tu kimya kimya, maana mimba haitangoji upungue.

Turudi kwa zile kinini. Hospitalini walimwambia dada yetu kwamba aina ya kwanza ilikuwa siproheptadini. Ni dawa ya watu wenye aleji, inaleta usingizi, na inaamsha hamu ya kula. Ukiacha, hamu inaisha na uzito unashuka. Ya pili ndiyo iliyomwangusha, deksametazoni. Hiyo ni ndugu mwenye nguvu nyingi wa homoni yetu wenyewe, kortizoli, inayotolewa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo na kutusaidia siku ya hatari. Ikizidi mwilini, inahamisha mafuta: inayaweka usoni, mgongoni chini ya shingo, na tumboni, wakati misuli ya mikono na miguu inayeyuka. Inashika maji. Inapandisha sukari na damu, inadhoofisha mifupa, inapunguza kinga. Ule unono tuliousifu ulikuwa huo.

Ubaya wa pili haukuonekana. Zile tezi zikisikia kwamba kortizoli imejaa, kila siku, miezi mitatu, zinaacha kazi. Zinalala. Siku unapoacha kinini ghafla, ya sokoni haipo na yako mwenyewe haipo. Hapo ndipo kutapika, kuishiwa nguvu, damu kushuka, na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo tunaomba jambo moja lieleweke vizuri, kwa sababu Alhamisi wengine walitoka wakisema wataenda kuzitupa zote usiku ule ule. Kama umemeza kinini za kunona kwa wiki kadhaa, usiziache leo peke yako. Zipeleke kituo cha afya pamoja na kifuko chake, sema ukweli, upunguziwe polepole. Na yule ambaye munganga amempa deksametazoni kwa ugonjwa, au kwa mimba inayotaka kutoka mapema, aifuate kama alivyoandikiwa. Dawa ni nzuri mahali pake.

Shangazi mmoja alituuliza kwa hasira kidogo: je, mkituambia kwamba wembamba si ugonjwa, na mtoto anayekonda naye tumwache? Hapana, mama. Mtu mzima mwembamba tangu zamani, anayekula, anayefanya kazi, anayeona mwezi wake, huyo ndivyo alivyo. Mtoto anayepoteza uzito ni habari nyingine kabisa. Leptini inasaidia pia askari wa mwili wanaopigana na magonjwa. Huko Kampala, katika hospitali ya Mulago, wataalamu waliwapima watoto wenye utapiamlo mkali, na mwaka 2014 wakaandika kwamba wale ambao leptini yao ilikuwa chini kabisa ndio waliokuwa karibu zaidi na kifo. Mtoto asiye na mafuta hana mtunza sanduku wa kupiga kelele. Homa ndogo inamchukua. Utepe wa mkono ukionyesha nyekundu, usingoje siku ya soko ipite. Miguu ikivimba vilevile, hata kama mashavu yanaonekana yamejaa.

Kwa shangazi za bwana hatuna homoni ya kuwaandikia. Tulipatana tu kwamba mtu wa kwetu akiongezeka haraka kabla ya arusi, badala ya vigelegele tumwulize kwanza anameza nini, na tumwulize pembeni, si mbele ya watu.

Dada yetu alirudi Alhamisi. Uso umeanza kupungua, na bado anameza kidonge kidogo kila asubuhi ambacho waganga wanamshusha hatua kwa hatua. Walimwambia inaweza kuchukua miezi. Alikuja na bwana yake mpaka mlangoni. Alikaa karibu na mtunza sanduku, ambaye alimkumbatia, kisha akamwonyesha kwenye daftari faini ya wiki mbili alizokosa. Wengine walisema asamehewe. Yeye akafungua pembe ya kikwembe na kulipa.